Shibe ya Johari

Wanawake niliokaa nao mkekani kwenye matanga ya Shaibu, kule Chang'ombe, walikuwa wanamsifu marehemu kwa yale maneno ambayo watu humpa mtu wasiyemjua. Mpole. Hana makuu. Hana neno na jirani. Mpwa wake, mama wa makamo aliyekuwa anachambua mchele wa hitima, akaeleza kwamba mjomba alifanya kazi miaka yote kwenye kiwanda kimoja cha mabati, akapanga chumba kilekile kimoja, hakuoa, na hakuwahi kumwambia mtu sababu. "Wengine Mungu kawaumba hivyohivyo," akasema, na wenzake wakaitikia. Mie nilikuwa na kikombe cha chai ya tangawizi mkononi, nimetoka Kibamba tangu alfajiri na miguu yangu hii inayovimba, na nilitaka kumwambia, we mama, usimsingizie Mungu. Nikayameza maneno pamoja na chai. Matangani hapagombwi. Lakini nimerudi nyumbani na hasira, na kumkasirikia maiti ni kazi mbovu, huna pa kuipeleka hasira yenyewe. Wajukuu wananiuliza bibi una nini, nawaambia nina malaria. Basi nimeamua kuandika. Nilizaliwa wapi na baba yangu alikuwa nani hayahusiki hapa. Nautaka mwaka mmoja tu, ule niliopika Mbezi Beach, mwaka ambao mie na Shaibu tulikuwa tuoane tuhamie Arusha.

Nilikuwa na miaka ishirini na kidogo, napika kwa Mama Elinami. Mama Elinami alikuwa Mpare, mwalimu mstaafu, mjane, Mlutheri asiyekosa ibada, na alikuwa na farasi saba. Wazungu fulani waliokuwa wanahama nchi walimwachia marehemu mumewe farasi wawili, wale wakazaa, wengine akanunua, na mpaka mie namkuta alikuwa anaishi kwa hao farasi. Watoto wa shule za wenye nacho walikuja Jumamosi kujifunza kupanda, maharusi walikuja kupigwa picha ufukweni, na mahoteli yalileta wageni. Jikoni kwangu kulikuwa na majiko mawili, moja la watu na moja la farasi, maana jioni ilibidi niwapikie uji mzito wa pumba na chumvi wale wazee ambao meno yao yalikuwa yamechoka. Chumba changu kilipakana na stoo ya chakula cha farasi, na ukuta wenyewe haukufika kwenye bati, kwa hiyo hakuna neno lililosemwa mle nisilolisikia. Kilinuka molasesi na majani makavu, kilinuka vizuri. Mpaka leo nikipita mbele ya duka la vyakula vya mifugo nikasikia harufu ya mashudu, moyo unanidunda kama wa msichana. Kisha nakumbuka, unatulia.

Shaibu ndiye aliyekuwa mkubwa wa banda. Mama Elinami, kwa Kiswahili chake cha darasani, alimwita saisi, yaani mtunza farasi, na vijana wawili waliomsaidia wakamtania kwa jina hilo mpaka likawa lake. Alikuwa Mmwera wa Nachingwea, mrefu, mwembamba, mwenye vidole vya mtu aliyewahi kuchonga vinyago, na alikuwa na jambo moja lisilo la kawaida: hakuweza kula mbele ya kiumbe ambacho hakijala. Nikimpakulia ugali, anauliza kwanza kama mie nimekula. Paka akipita, anamegewa. "Somoe, njaa mie naijua, tulilala nayo chumba kimoja," aliniambia siku moja, na habari za utoto wake ziliishia hapo, hakuongeza tena. Mie nilikuwa na mdomo. Nikamwambia, wewe walishe tu hadi kunguru, mwisho wa siku watakunyea kichwani. Akacheka. Wanaume wa mjini wakikupenda wanakuletea maneno. Huyu aliniletea chapati ya moto, kaifunga kwenye gazeti, kaificha chini ya shati isipoe mpaka ikamuunguza tumbo. Wanaume wa maneno nilikuwa nimeshawaona, nikaridhika na wa chapati.

Katika wale farasi saba alikuwepo jike mmoja wa rangi ya kahawia, jina lake Johari. Sikuwa najua farasi, lakini hata mie niliona kwamba huyu ni mwingine. Wenzake walikimbia kwa sababu wamepandwa. Yeye alikimbia kwa sababu mchanga upo. Mwezi wa Shaabani akaja meneja wa shamba moja la farasi la Arusha, mwanaume mnene kidogo, mstaarabu, kofia mkononi, akamwona ufukweni, hakubandua macho. Nilipopeleka chai barazani nikamsikia anamwambia Mama Elinami kwamba kule kwao wanafuga farasi wa mbio ndefu, zile za kutwa nzima, na kwamba kwenye mbio hizo anayeshinda si yule mwenye kasi tu. Farasi akifika anapimwa mapigo ya moyo. Yakishuka haraka, huyo ndiye. Yakikataa kushuka, hata awe wa kwanza anaondolewa. "Nitarudi baada ya Idd," akasema. "Tutamwendesha pwani kwa muda wa kutosha, nitampima. Akinipendeza namchukua, na yule kijana wake aje naye, maana farasi akibadilishiwa mtu anakonda." Kazi ya kudumu, na nyumba ndani ya shamba, vyumba viwili na jiko la ndani. Nikamwaga chai kwenye sahani ya kikombe. Jioni ile Shaibu alikuja jikoni, akasimama mlangoni, akaniuliza kama baridi ya Arusha nitaiweza. Nikamwambia kama ni na wewe nitaiweza. Posa ikaenda kwa shangazi yangu Mbagala, akaipokea, ndoa ikapangwa palepale kwa Mama Elinami, Ijumaa ya mwisho ya mfungo mosi, mwezi unaoanza na Idd, tukiwa tumeshajua Johari kachukuliwa au la. Hakuna aliyefikiria hilo "la". Mie nilikuwa nimeshapanga kichwani pazia la kila chumba.

Ramadhani ile yote Shaibu alimfundisha Johari huku amefunga. Alasiri maji yakitoka anamshusha ufukweni, anamwendesha mwendo wa kawaida, kisha mchakamchaka, kisha mbio, kisha kawaida tena, anarudi midomo imempauka, hajagusa tone la maji, na kitu cha kwanza anachofanya ni kumnywesha farasi. Mie nasubiri na uji wa futari, yeye bado anamkanda miguu. Daktari wa mifugo, dada mmoja wa Kihaya tuliyemwita Daktari Koku, kijana wa umri wangu tu, mabuti ya mpira mpaka magotini, alikuja kila wiki kumpima. Yeye ndiye aliyepanga chakula. Majani makavu kwanza, kwa wingi, mchana kutwa yasikosekane. Mahindi ya kuparaza na mashudu kidogo juu yake, kulingana na kazi aliyofanya. Chumvi akishatoka jasho. Na nisiseme uongo, chakula kile kilimgeuza yule mnyama. Shingo ilijaa, manyoya yakang'aa, na mapigo ya moyo ambayo mwanzo yalichukua muda kutulia yakawa yanashuka wakati bado anafunguliwa tandiko. Daktari Koku alicheka mwenyewe na kipimo chake masikioni. Sie watu watatu tulisimama pale bandani tukimsikiliza farasi anapumua kama tunasikiliza redio. Furaha ya namna ile sijaipata tena, na sitanii.

Karibu na Idd nilikuwa chumbani nakunja nguo, nikawasikia stooni. Daktari Koku alikuwa anasema taratibu, kwa lafudhi yake ile ya Bukoba inayobembeleza. "Saisi, sikiliza. Nafaka ni kwa kazi. Hizi siku za sikukuu hatatoka, ufukwe utajaa watu. Siku hana kazi, mahindi punguza, mpe ya kuonja tu. Majani ale anavyotaka." Shaibu akasema, "Sawa, daktari." Yule dada hakuwa mjinga, akaendelea. Akamweleza kwamba nguvu ya nafaka inajaa kwenye misuli ya farasi kama maji kwenye tangi, na kazi ndiyo bomba la kuitolea. Farasi aliyezoea kazi nzito, ukamsimamisha bandani halafu ukaendelea kumlisha kama anafanya kazi, tangi linafurika. Siku unamtoa, misuli inakaza, inaanza kujiunguza yenyewe. "Umenielewa?" Shaibu akasema, "Nimekuelewa, daktari, ahsante sana." Mie niliyekuwa nyuma ya ukuta nilijua, kwa ile ahsante sana, kwamba hajakubali. Sie watu wa huku msomi hatumbishii. Tunamshukuru, anaondoka, tunafanya tunavyojua. Alipoondoka Shaibu akasema na ukuta, maana alijua nipo, "Umemsikia? Eti leo hakufanya kazi, asile. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa." Nikamwambia hakusema asile, kasema apunguziwe mahindi. "Ni hilohilo," akanijibu.

Mwezi haukuonekana jioni tuliyoutarajia, tukafunga siku nyingine moja, na Johari naye akakaa bandani siku nyingine moja. Kisha ikaja Idd. Nani katika nchi hii amewahi kuona chakula kikipunguzwa siku ya Idd? Niliamka kukaanga vitunguu kabla hakujapambazuka, pilau la sufuria kubwa, kachumbari, kuku wa Mama Elinami ambaye yeye, Mkristo, alimtoa kama mchango wake na kusema Idd mubarak kwa lafudhi ya Kipare. Majirani walileta sahani, sie tukapeleka sahani, mpaka mwisho hatukujua tunakula chakula cha nyumba ipi. Mlinzi wa jirani alikula, wapita njia walikula, paka alikula hadi akalala chali. Na bandani farasi wanasikia zile kelele, wanapiga kwato, Johari anagonga ndoo yake tupu kwenye nguzo, ng'ong'ong'o, kwa sababu amezoea alasiri yake ya kukimbia na haelewi kwa nini amefungwa. Shaibu alitoka amevaa kanzu nyeupe niliyoipiga pasi mwenyewe. Akaingia stooni, akatoka na ndoo ya mahindi imejaa, kaimwagia molasesi. "Saisi, daktari kasema nini?" mmoja wa wale vijana akamuuliza. "Leo Idd, bwana," akasema. "Hata mfungwa siku ya Idd anapewa nyama. Huyu kafunga na mie mwezi mzima, leo nimnyime?" Mama Elinami mwenyewe akaleta karoti kwenye sinia. Shaibu aliishika ile ndoo kwa mikono miwili, Johari kaingiza uso wote ndani, anatafuna, na molasesi inachuruzika kwenye mikono ya kanzu nyeupe. Nilikuwa nimesimama na mwiko mkononi, na kama kuna saa nimewahi kumpenda mtu katika maisha haya, ni ile. Siku ya pili akampa tena vilevile, maana Idd pili nayo ni Idd.

Watu husema wema hauozi. Wanasema tu. Nimepika kwenye majiko ya watu miaka yote hii na ninajua hakuna kisichooza.

Meneja alifika Idd tatu asubuhi. Sikukuu ile huja na mwezi mwandamo, kwa hiyo huja na maji ya bamvua, bahari inajitoa mbali kabisa mpaka unadhani imehama, inaacha mchanga mgumu ambao farasi anaupenda. Shaibu alimpanda Johari, meneja akapanda dume mmoja mtulivu wa Mama Elinami, wakashuka kwa kile kichochoro chetu cha kuendea baharini, sie wengine tukawafuata kwa miguu na ndoo za maji ya kumnywesha akimaliza. Upande wa nchi kavu ni kuta tupu, majumba ya watu wakubwa, ukuta unapokezana na ukuta. Walianza na mwendo wa kawaida, wakaenda mchakamchaka. Johari alikuwa na hamu, anarusha kichwa, na Shaibu aligeuka akatupungia mkono. Hawakuwa wameenda sana. Tuliona tu mwendo wake umekuwa mfupi, kama mtu aliyevaa sketi ya kubana. Kisha akasimama. Shaibu akamhimiza kwa sauti, akajaribu hatua mbili, akasimama tena, na tulipofika alikuwa anatetemeka miguu ya nyuma, jasho linamtiririka kama kamwagiwa ndoo, macho yametoka. Niliweka kiganja kwenye paja lake. Lilikuwa gumu kama meza. Meneja alikuwa ameshateremka, ameshika saa na kipimo chake, na uso wake ulikuwa umeshabadilika. Kisha Johari akakojoa, na mkojo ule ulikuwa mweusi kama kahawa ya kijiweni. Ukazama mchangani. 

Mama Elinami alimpigia simu Daktari Koku, aliyekuwa Kibaha huko kwenye kuku wa mtu. Nilisikia sauti yake ndogo ikitoka kwenye ile simu. Asisogezwe. Hata hatua moja. Kila hatua misuli inachanika, na uchafu wake unakwenda kuziba figo. Mkingeni jua, mpeni maji, nakuja. Basi tukakaa pale mchangani jua la utosi, tumevua kanga zetu tumemfanyia kivuli, wanaume wanne wameshika ncha. Watu wa Idd wakajaa, maana ufukwe hauna mwenyewe. Mmoja anasema amepatwa na jini bahari, mwingine mpigeni maji ya chumvi mgongoni, mwingine anauliza kama nyama yake inaliwa. Shaibu hakuwasikia. Alikuwa amekishika kichwa cha Johari kifuani, anamsemesha Kimwera, neno moja analirudia na kulirudia. Sikuwahi kumuuliza maana yake. Meneja alikaa na sie muda wote huo, na viatu vyake vizuri, akichota maji. Kwa hilo namheshimu.

Daktari Koku alifika jasho linamtoka, kakimbia kutoka kichochoroni na begi lake. Akamchoma sindano, akamtundikia dripu, chupa imeshikiliwa juu na mmoja wa vijana wetu. Akamgusa mapaja, akaangalia mchanga ule ulioingia rangi, akauliza bila kumtazama mtu, "Alikula nini hizi siku mbili?" Mama Elinami akainamisha kichwa. Mie nikaangalia miguu yangu. Shaibu peke yake ndiye aliyejibu, na hakujitetea. "Alikula vizuri," akasema. Daktari akafumba macho kidogo, kisha akaendelea na kazi yake. Hakumgombeza. Mpaka leo najiuliza kama angemgombeza, akamwita mjinga mbele ya watu wote wale, labda ingemsaidia. Mtu aliyetukanwa hupata cha kubishana nacho.

Na maji yakaanza kurudi. Bamvua likitoka mbali hurudi mbali vilevile, hupanda mpaka kwenye kuta. Kwanza lilikuwa mstari mweupe kule, kisha povu likatugusa vidole. Kwenye ukuta uliokuwa mbele yetu palikuwa na geti la chuma la kutolea boti, lina mteremko mzuri wa saruji, hatua kumi na tano hivi kutoka aliposimama Johari. Tukaligonga. Mlinzi akachungulia, mzee wa Kigogo mwenye koti la mvua, akasema kufuli la geti lile ufunguo anao bosi, na bosi kaenda Unguja kula Idd. Tukamsihi. Alimpigia bosi, simu haikupokelewa. Yule mzee akaleta nondo mwenyewe, akalipiga kufuli mpaka mikono ikamtoka damu, halikufunguka. Maji yakafika magotini kwa farasi, yakafika tumboni, wimbi linampiga anayumba na hawezi kujishikilia. Daktari Koku alikuwa analia sasa, analia huku ameshika dripu. Akasema, "Basi. Mtoeni." Njia iliyobaki ilikuwa kurudi kichochoroni, mbali kule, tulikotoka. Tulimsukuma wanaume kwa wanawake, maji yametufika kiunoni, na Johari akaenda. Alienda kwa sababu Shaibu alikuwa mbele anamwita. Kila hatua alitoa sauti, na kila sauti Shaibu alijibu, "Njoo mama, njoo." Alimwamini hadi mwisho wa njia.

Alikufa siku iliyofuata, bandani, baada ya adhuhuri. Figo, daktari alisema. Nisingependa kuieleza siku ile, na kwa kuwa naandika mwenyewe, sielezi.

Sasa hapa ndipo hasira yangu ilipo, na ndipo wale wanawake wa mkekani walipokosa habari. Kila mtu angefikiri ile kazi ya Arusha ilizama na Johari. Mie mwenyewe nilifikiri hivyo, nikawa nimeshaanza kuyatoa mapazia kichwani, moja moja. Lakini haikupita wiki mbili Mama Elinami akaja jikoni na simu yake mkononi, uso umemchangamka kwa mara ya kwanza. Meneja amepiga. Amesema farasi atapata mwingine, lakini kijana wa kukaa na mnyama namna ile hampati kila siku, na kuhusu chakula kule kuna daktari wa shamba anayepima kila ndoo, kwa hiyo kosa lile halirudiwi. Aje. Nyumba ipo palepale. Shaibu alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na jiko la farasi, akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mwambie nashukuru sana, mama." Niliposikia ile nashukuru sana, nikajua amekataa. Mama Elinami hakuelewa, akatoka anatabasamu.

"Shaibu," nikamwambia, "kazi ipo. Nyumba ipo. Mie nipo. Kimekosekana nini?"

Nilikuwa nimempakulia ugali na dagaa, akauangalia. "Somoe, ningemuua kwa fimbo, ningeitupa fimbo nikaenda. Ningemuua kwa uvivu, ningejifunza kuamka mapema. Nimemuua kwa kumpenda. Sasa kule nikifika, niache kitu gani?"

"Uache mahindi," nikasema. "Kakwambia upunguze mahindi tu. Nani kakwambia uache kupenda?"

"Mie sijui kimoja bila kingine," akasema.

Nilimwambia mengi baada ya hapo, na mengine siwezi kuyaandika hapa kwa sababu wajukuu wanasoma. Nilimwita mwoga. Nilimwambia anajipenda kwenye huo msiba kuliko anavyonipenda mie. Nililia, nikapiga sufuria ukutani. Alisikiliza yote bila kunikatisha, adabu ileile, na mwisho akasema ananiombea nipate mtu asiyekuwa na mkono mbaya. Jumatatu akachukua begi lake, akasalimiana na kila farasi kwa mbali, bila kuwagusa, akaenda Chang'ombe kwa rafiki yake aliyekuwa kiwandani. Hatukugombana tena wala hatukupatana, hapakuwa na cha kupatanisha. Nilimfuata mara moja. Alinipokea vizuri, akaniletea kiti nje, jirani yake akanipa soda. Yeye mwenyewe hakunipa kitu, hata maji. Nikajua.

Mie niliendelea kupika kwa Mama Elinami, maana mtu unakwenda wapi, na nilikuwa naona aibu kuandika au kupiga simu Mbagala, nikisema kesho nitawaambia, kesho nitawaambia. Kumbe Ijumaa ya mwisho ya mfungo mosi haikusahau. Asubuhi nasikia geti linagongwa, nafungua, namkuta shangazi yangu kajipaka hina, kavaa doti mpya ya kanga, kabeba kikapu cha bibi harusi kichwani, na nyuma yake wanawake watatu wa mtaani kwao wameshaanza vigelegele. Nikawakaribisha. Nikawawekea mkeka kivulini, nikawapa maji ya kunawa, nikaleta wali na mchuzi wote uliokuwa wa wafanyakazi. Wakanitania kwamba bibi harusi gani huyu anapika siku ya ndoa yake. Nikacheka nao. Nikawaacha wale kwanza, washibe, ndipo nikawaambia.